Uzito wa Wifi

Wateja wangu huwa nawaambia mapema: ukitaka kubembelezwa nenda kwa mama yako, hapa umekuja kwa fundi. Mtu anaingia, anaziona baiskeli mbili za mlima zimening'inia ukutani, anauliza ipi nzuri. Nzuri kwa nini? Kwa kupanda? Basi chukua hii yenye shokapu mbele tu, nyuma ngumu. Ni nyepesi, na kila unachokanyaga kinafika kwenye tairi. Ile ya shokapu mbili ni tamu kwenye mawe, tairi la nyuma linang'ata ardhi na kiuno hakilalamiki, lakini kwenye mwinuko inanesanesa na nusu ya jasho lako inaliwa na shokapu. Hayo nimeyasema mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili anayajua kwa moyo. Nikitoka kidogo, yeye ndiye anayewahubiria wateja wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja kuitaka ile ya shokapu mbili, nilidhani ananitania.

Mdogo wangu ndiye mwangalizi wa tangi la maji juu ya mlima. Kila asubuhi hupanda kupima dawa kwenye maji na kukagua koki, kisha hushuka. Njia yenyewe ni mawe matupu, magari yaliishindwa zamani. Miaka yote amepanda kwa nyuma ngumu niliyomuundia kwa mikono yangu, na hakuna aliyewahi kumfikia kwenye mlima ule.

"Una wazimu wewe?" nikamwambia. "Unataka kupanda mlima na kitanda?"

Hakucheka. "Dada, ile ngumu ndiyo iliyonifikisha juu peke yangu."

Nilijua anasema nini. Yeye na mkewe, wifi yangu, walikuwa wakipanda pamoja siku za mapumziko. Siku hiyo wifi alikuwa nyuma. Walipofika kwenye kona ya mfereji mdogo wangu akachochea, si unawajua wanaume wakiona mwinuko, akafika kwenye tangi anahema na kucheka, akageuka ili amtanie. Hakuna mtu. Alimkuta pale kwenye kona, amelala kando ya baiskeli yake, ameshakata roho. Daktari alisema ni moyo, ungeweza kusimama popote, hata akiwa kitandani. Mdogo wangu maneno hayo hayakumwingia hata chembe.

Basi nikamshushia ile ya shokapu mbili. Shokapu ya nyuma inajazwa upepo kulingana na uzito wa mwendeshaji, na kwenye fimbo yake kuna kipete cha mpira. Unakisukuma kipete mpaka mwanzo, mtu anakaa, shokapu inabonyea na kukisogeza. Akishuka, kipete kinabaki pale pale uzito ulipofika. Kikisogea robo ya fimbo, umepatia. Nikampimia, kikakaa robo, nikamwambia nenda na usiniharibie.

Kesho yake aliporudi niliishika baiskeli niifute vumbi, nikaona kipete kimesukumwa mpaka mwisho wa fimbo. Nikajua inavuja. Nikaifungua, nikatia raba mpya, nikajaza upepo. Akapanda, akarudi, kipete kiko mwisho. Nikamtukana aliyeniuzia raba. Nikaitumbukiza shokapu kwenye ndoo ya maji, sikuona hata povu moja. Nikaipanda mwenyewe nikairukia rukia, na mimi si mtu wa kupeperushwa na upepo, lakini kipete hakikufika hata nusu.

"Ikikubeba wewe bila kufika mwisho," fundi cherehani akadakia kutoka mlangoni kwake, "hiyo shokapu ni ya lori!"

"Kashone!" nikamwambia. Nikamgeukia mdogo wangu. "Unabeba nini huko? Saruji?"

"Sibebi kitu, dada."

"Sasa inabonyea wapi?"

"Kwenye kona ya mfereji," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angekutajia bei ya sabuni. "Anapandia pale. Tunakwenda wote mpaka juu. Nikishuka, anashukia pale pale."

Mwili ukanisisimka mpaka utosini. Na alikuwa anatabasamu! Hapo ndipo nilipomtazama sawasawa, maana macho yangu yalikuwa kwenye shokapu tu wakati wote huo. Shati lilikuwa linamning'inia. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Nikamkalisha tena kwenye baiskeli nimpimie upya, na ilinibidi nitoe upepo ndipo kipete kikae robo. Mtu mzima, kapungua kiasi hicho! Na vile vyakula nilivyokuwa nampelekea, nikakumbuka mabakuli niliyoyaona jikoni kwake, yamefunikwa vile vile nilivyoyafunika.

"Watu wawili kwa miguu ya mtu mmoja," nikamwambia, "na tumbo tupu. Utakufa, unanisikia? Utakufa kwenye mlima ule."

"Si vibaya sana," akasema.

Wazazi wetu walishatangulia. Sina mwingine. Niliitupa spana kwa hasira. Nikaivuta nyuma ngumu yake ya zamani, nikaisimamisha mbele yake, nikamwambia kuanzia kesho ni hii au nitaikata fremu ya ile nyingine vipande vipande. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Hii haibonyei, dada. Nitajuaje kama yupo?"

Alipitiwa na usingizi pale pale, juu ya mkeka wa karakana, mchana kweupe. Udhaifu tu. Nikamfunika na koti langu. Kisha nikaichukua ile baiskeli ya shokapu mbili, nikaijaza upepo mpaka kipete kikakaa robo kwa uzito wangu, nikapiga moyo konde, nikaelekea mlimani.

Nilikuwa sijapanda mlima miaka mingi, na mlima ulinikumbusha hilo. Jua lilikuwa kali, mawe yalikuwa yanateleza, na mimi nilikuwa nautukana kila mwinuko kwa jina lake. Lakini nikiri, shokapu ilifanya kazi, tairi halikuruka hata mara moja. Nilikuwa nakitupia macho kipete kila mara. Kilikuwa kwenye robo.

Nikafika kwenye kona ya mfereji. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye saruji, hapakuwa na ndege wala upepo. Nyuma ya baiskeli ikabonyea.

Haikubonyea kwa kishindo. Ilibonyea polepole, kama mtu mwenye adabu anapokaa kwenye kiti cha ugenini. Usukani ukawa mwepesi, mapaja yakaanza kuwaka. Na nikasikia pumzi ambazo hazikuwa zangu. Mtu alikuwa anahema kwa shida, pumzi fupi fupi, za mtu anayejaribu kumfikia mwenzake aliyemwacha.

Sikugeuka. Nasema kweli, nisingeweza kugeuka hata kwa dawa.

"Wifi," nikasema. "Ni mimi. Usitegemee kufika mbali, mimi si mumeo."

Pumzi zikaendelea. Nikaendelea kukanyaga, maana nikisimama tu naanguka.

"Tumegombana mimi na wewe. Uliniita mdomo mchafu mbele ya wageni, nami nikakuita mvivu wa vyombo. Lakini nilikupenda, mwanamke wewe. Ulimtuliza yule mtu, hakuna mwingine aliyemweza." Hapo machozi yakaanza, nikashindwa kuiona njia. "Ila unammaliza. Najua hukusudii. Unataka tu kumfikia. Umeshamfikia, wifi. Sasa anataka kuja huko uliko, na mimi nitabaki na nani? Shuka. Nakuomba."

Mimi si mtu wa kuomba. Muulize yeyote.

Tukaenda hivyo hatua nyingi, mimi nalia, yeye anahema. Kisha zile pumzi zikawa ndefu, zikatulia, kama za mtu aliyepata mahali pa kupumzika. Na nyuma ikainuka. Baiskeli ikawa nyepesi ghafla, nikayumba nikaingia kwenye majani. Nikabaki nimekaa pale na magoti yaliyochunika, naona aibu kana kwamba nimemfukuza mgeni mlangoni.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameamka. Aliyaona magoti yangu, akaiona baiskeli na vumbi la mlimani. Asubuhi nikampimia upepo upya, akaichukua, akaenda nayo kazini.

Sikuweza kufanya kazi. Mteja aliniuliza ipi nzuri kwa kupanda, nikamwambia zote, naye akaondoka ananishangaa. Fundi cherehani akaniletea sahani ya chakula, akaiweka juu ya meza ya vyuma, akarudi kwake bila utani wowote. Nikajua sura yangu ni mbaya siku hiyo.

Mdogo wangu akarudi, akaiegemeza baiskeli ukutani. Nikainama kutazama. Kipete kilikuwa robo, hasa pale kinapotakiwa. Tangu nianze ufundi sijawahi kuchukia kazi iliyopatiwa namna ile.

Akakaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

"Alishuka?"

"Alishuka."

"Na hakusema kitu?"

Hakusema kitu. Alihema tu. Mimi ambaye nawaambia watu usoni kwamba baiskeli zao ni takataka, nikamtazama ndugu yangu, ile shingo na ile mifupa.

"Alisema ule chakula."

Akaniinulia macho. Nikaona wazi kwamba haniamini.

"Alisema vipi hasa?"

"Alisema, mwambie huyo ale, asije akanisingizia mimi."

Akacheka kidogo, puani. Kisha akaivuta sahani yangu, akanawa kwenye ndoo ya kupimia mipira, akaanza kula huku machozi yanamdondokea kwenye chakula. Nikamgeuzia mgongo, nikajifanya natafuta spana.