Zulia la Nyota za Kijani

Wijiastuti aliporudi Surabaya kutoka kumuuguza mama yake Tulungagung, alikuta tangi lake la maji ya chumvi linanuka kama soko la samaki lililofungwa. Samaki walikuwa wamekufa, na matumbawe laini aliyoyalea pamoja na marehemu mumewe, Gunarso, yalikuwa yameyeyuka yakawa ute wa kijivu. Hata lile kubwa kuliko yote, lenye umbo la uyoga uliojikunja upande mmoja kama sikio na ukingo wa rangi ya dhahabu, lilibaki kikonyo kinachooza.

Aliyeachiwa ufunguo ni Hartoyo, rafiki wa Gunarso, ambaye naye alikuwa na tangi sebuleni kwake, refu kama kitanda. Alikuja na uso wa msibani, akaeleza kwamba umeme ulikatika mchana kutwa, pampu ikasimama, maji yakakosa hewa. Wiji alilia, akamshukuru kwa kujali, akamkaangia na ndizi.

Alipoanza kuosha miamba ndipo alipokiona kikonyo vizuri. Kilikuwa kimekatwa. Kuoza hakuachi mkato ulionyooka namna ile. Huo ulikuwa wembe. Akamuuliza jirani kuhusu umeme. Jirani, ambaye huuza barafu, alimshangaa: umeme haukukatika hata kidogo, ungekatika yeye angekuwa wa kwanza kulia.

Yaliyobaki aliyapata kwenye maonyesho ya wafugaji wa matumbawe. Hartoyo alikuwa ameshinda. Ndani ya kioo, lile tumbawe lililojikunja upande mmoja kama sikio lilikuwa likipunga minyiri yake, na chini yake pamebandikwa jina: Dhahabu ya Toyo. Wiji alielewa yote kwa mpigo. Hartoyo alizima pampu ili maji yatulie, akakata kichwa cha tumbawe, akaondoka nacho, akasahau kuiwasha tena.

"Zuri sana, Mas Toyo," alimwambia, maana waliitana Mas na Mbak, kaka na dada. "Umelitoa wapi?"

"Bali, Mbak. Kuna mzee mmoja kule, hamuuzii mtu ila mimi."

"Nikatie kipande basi, nianze upya."

Hartoyo akacheka. "Hili siligawi, Mbak. Lina jina langu."

Wiji naye alicheka, akampongeza mbele ya watu. Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameuma meno mpaka taya likamuuma.

Hakwenda kumshtaki kwa yeyote. Alijaza tangi lake upya, akapima chumvi, akangoja maji yakomae. Kisha akatafuta jiwe dogo lenye tumbawe jekundu la kupendeza, na kwenye tundu la chini ya jiwe hilo akasokomeza kipande cha tumbawe liitwalo zulia la zambarau, kidogo kama ukucha. Zulia hilo huchanua nyota za kijani, na hutambaa juu ya chochote linachokigusa. Mfugaji mwenye akili huliweka kwenye jiwe la peke yake, mbali na mengine. Wiji alijua kwamba miamba yote ya Hartoyo ilikuwa imegandishwa kwa saruji ikawa kitu kimoja.

Sikukuu ya Idi alimpelekea zawadi hiyo pamoja na sahani ya keki. Hartoyo mwenyewe alilipachika jiwe katikati.

Mwanzoni alifurahi. Nyota zilipotokeza, zikawa zinayumba na mkondo wa pampu kama nyasi kwenye upepo, na wageni wakasifia. Baadaye zikapanda juu ya matumbawe mengine, zikayafunika, yakafa chini yake. Hartoyo akaja kwa Wiji kuomba ushauri.

"Lisugue kwa mswaki," Wiji alimwambia, akimmiminia kahawa. "Sugua kwa nguvu, usilionee huruma. Na pampu iache inawaka, uchafu uchukuliwe."

Akaenda kusugua. Vipande vikaruka na mkondo, vikanasa kila kona, na kila kipande kikaanza zulia lake. Endah, mkewe, alisimulia sokoni kwamba mumewe halali wala hali, anaongea na kioo. Wiji alimpa pole. Siku hiyo alikula rawon, mchuzi mweusi wa nyama, sahani mbili.

Hatimaye Hartoyo alimwita nyumbani kwake. Tangi zima lilikuwa kijani. Ni lile tumbawe la dhahabu tu lililokuwa bado limesimama, na zulia limeshafika kwenye kikonyo chake.

"Nimeshindwa, Mbak. Sijui limetoka wapi."

"Limetoka kwangu," Wiji alisema. "Nililificha chini ya jiwe la Idi. Na mswaki nilikushauri makusudi."

Hartoyo alimtazama, mdomo wazi. "Nimekukosea nini mimi?"

"Pampu uliizima wewe. Umeme haukukatika."

Endah, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, alimgeukia mumewe akangoja. Hartoyo akakaa kwenye kiti, akainamisha kichwa.

Wiji hakungoja aombwe radhi. Alikunja mikono ya blauzi, akachomoa wembe, akakata kikonyo juu kidogo ya pale zulia lilipofika, akaliweka tumbawe kwenye ndoo ya maji ya chumvi aliyokuja nayo. Endah ndiye aliyemfungulia geti.

Tumbawe lilinuna. Lilijikunja, likajivua ngozi yake ya juu kama nta, na Wiji akawa anaelekeza pampu limwagiwe mkondo taratibu. Alilifunga kwenye jiwe kwa uzi, akabadilisha maji, akaogopa. Asubuhi moja akakuta minyiri yote imechanua.

Hartoyo aliivunja miamba yake kwa nyundo, akauza tangi. Siku hizi anafuga njiwa. Wakikutana mtaani humsalimia Wiji kwa adabu, na Wiji humwitikia kwa adabu hiyohiyo, wala moyo haumsuti.