Udongo kwa Haja Sittana

"Makaburi gani?" karani aliuliza kwa mara ya pili, bila kuinua macho.

Foleni ya ofisi ya afya ilikuwa imekwisha kutoka nje ya mlango na kushuka ngazi hadi barabarani. Yumna alisimama mbele ya dirisha, na nyuma ya bega lake alisimama Sulafa, ambaye mama yake, Haja Sittana, alikuwa amefariki alfajiri. Hivyo ndivyo walivyosimama kila mahali tangu asubuhi: Yumna mbele, mfiwa nyuma. Kikundi cha kujitolea alichojiunga nacho huko Faisal, mtaa wa Kairo uliojaa Wasudani waliokimbia vita, kilikuwa na wapishi, walimu, na hata fundi mmoja wa kukarabati vitanda. Yumna, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa famasia, hakuyaweza hayo. Alipewa kazi ya kusema. Sulafa alikuwa amefundisha hisabati huko Omdurman na Kiarabu chake kilikuwa fasaha kuliko cha karani, lakini kila alipofungua kinywa, makarani walisikia lafudhi ya Sudani, na jibu likawa kesho. Yumna akisema maneno yaleyale kwa lafudhi ya Kairo, jibu lilikuwa leo, au angalau baada ya swala. Mwanzoni jambo hilo lilimtia hasira. Siku hizi lilimchosha tu.

"Tunaomba makaburi ya sadaka, Madamu."

"Ya sadaka yamejaa, binti. Jumamosi huenda wakafungua mengine. Huenda."

"Na kile kiwanja cha Wasudani nje ya mji?"

"Kimejaa tangu majira ya baridi. Hawa ndugu zetu wanakufa kana kwamba kifo kinagawiwa bure." Alisema bila ubaya, kama mtu anayelalamikia vumbi.

"Hospitali imetuambia tumtoe kabla ya adhuhuri. Jokofu limeharibika."

"Basi nipe jina la makaburi niandike. Kibali cha maziko hakitoki hivihivi. Hata maiti sharti awe na anwani."

Nyuma yao mwanamume mmoja akaguna. "Jamani, wengine tuna watoto wa kusajili hapa!"

"We nawe, mwache mtu azike," mwanamke mmoja akamkemea.

"Si azike kwao!"

Foleni ikacheka kidogo, kisha ikaona haya. Sulafa hakugeuka. Alikuwa akitazama sakafu kwa makini, kama msahihishaji anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi.

Yumna hakuwa amepanga kusema alichosema. "Andika makaburi ya ukoo wa Abdelmaqsud. Basatin."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. "Ya nani hayo?"

"Ya kwetu."

"Na marehemu ni wenu?"

"Amekuwa wetu."

"Baba yako anajua?"

"Anajua," akasema Yumna, ambaye baba yake alikuwa kazini Kuwait na hakujua lolote.

Muhuri ukagonga. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Haya, anayefuata!"

Mwenye kauli juu ya kaburi lile hakuwa baba yake bali ami yake mkubwa, Haji Shawqi. Yumna hakumpigia simu. Alimwandikia ujumbe mfupi tu kwamba kuna maziko Basatin baada ya adhuhuri, afike. Alijua kwamba akimweleza kwa simu atakataa. Aliamini kwamba akiwa ana kwa ana na jeneza hatakataa, kwa kuwa alilelewa akiambiwa kwamba maiti akishafika mlangoni hakuna Mwislamu wa kumrudisha. Ni imani ambayo hakuwahi kuijaribu.

Waombolezaji walikodi basi dogo, nalo likalifuata gari la maiti polepole kwenye joto. Kwenye kiti cha mbele alikaa Ustadh Mudathir, kiongozi wa kikundi, aliyekuwa mkaguzi wa shule huko Wad Madani kabla ya vita. Nyuma walijazana wanaume, wengi wao wakiwa wameacha vibarua vyao vya siku ile. Sulafa alikaa dirishani, Yumna kando yake.

"Dada Yumna," Sulafa akasema, "makaburi yenu ni ya udongo?"

"Ni mahali pazuri, Sulafa. Pana ukuta, pana lango. Wanaume wana upande wao, wanawake upande wao. Unashuka ngazi..."

"Ngazi za kwenda wapi?"

"Chumbani."

"Chumbani?" Sulafa akamgeukia. "Mnamlaza mtu chumbani?"

"Chini ya ardhi. Juu ya mchanga. Yupo bibi yangu, yupo na shangazi. Hatakuwa peke yake." Yumna aliyatoa maneno hayo kama zawadi.

Sulafa akafumba macho. Alipoyafumbua alisema kwa sauti ya chini, akichagua kila neno. "Miezi yote ile ya mizinga tulijifungia kwenye chumba cha ndani. Hakina dirisha. Mama alikaa humo hata akasahau kama nje ni usiku au mchana. Kwenye kitanda cha hospitali hakuniomba nyumba, hakuniomba Omdurman. Aliniomba achimbiwe kaburi lenye mwanandani, alazwe ubavu wa kulia, udongo umfunike. Akaniambia, mwanangu, msinifungie chumbani tena."

Yumna hakupata la kusema, na kwa mtu aliyepewa kazi ya kusema ilikuwa aibu.

"Nami sitaingia," Sulafa akaendelea. "Kwetu wanawake hatulifuati jeneza hadi kaburini. Nyinyi mnaingia. Basi uwe macho yangu. Uniambie kila kitu, dada. Usinipambie."

Haji Shawqi alikuwa amewatangulia. Alisimama ndani ya lango la ua wa ukoo, koti mkononi, jasho likimtiririka shingoni, na mara alipomwona Yumna akamjia mbio.

"Nani amefariki? Nimewapigia watu wote, wote wazima! Unataka kuniua kwa presha?"

"Ni Haja Sittana, ami. Mama wa rafiki yangu. Kibali kina jina letu."

Wanaume waliliingiza jeneza, wakaliweka penye kivuli chembamba cha ukuta. Haji Shawqi akakisoma kibali, akalitazama jeneza, akawatazama waliolibeba, akakikunja kibali na kumrudishia.

"Umemwandikisha mtu kwenye kaburi la babu yako kama unavyowaandikisha kwenye yale madarasa yenu ya bure."

"Hana pa kuzikwa, ami."

"Inna lillahi. Sanda, nitalipa mimi. Gari, mimi. Chakula cha wafiwa, nitachinja. Lakini chumba hakifunguliwi. Shangazi yako hajatimiza mwaka humo."

Mzee Ratib, mlinzi wa makaburi, akakohoa. "Kufungua si kazi, haji. Kazi ni kuziba tena. Saruji imepanda, chokaa imepanda. Siku hizi hata kufa kumekuwa anasa."



"Umesikia?" Haji Shawqi akasema. "Halafu leo huyu, kesho Faisal nzima iko langoni kwangu. Nitamkatalia nani?"

"Jengo lako lote la Faisal wanakaa Wasudani, ami. Hao huwakatalii."

"Wanalipa kodi."

"Na kila mwaka unawapandishia."

Ami yake akamsogelea na kuishusha sauti ili wafiwa wasisikie. "Baba yako alipokosa mshahara, ada yako ya chuo ilitoka wapi? Hukuuliza, sivyo? Ilitoka jengo lilelile."

 Yumna hakuwahi kuuliza. Miezi yote ile alikuwa akipanda na kushuka ngazi za watu na magunia ya dengu, akiwafariji kwa kodi zilizopandishwa, huku ada yake ikitoka kwenye mifuko yao. Alitaka kujibu, na kila jibu lililomjia lilikuwa la kwenye mdahalo wa chuo. Jua lilikuwa likikila kile kivuli cha ukutani, na ncha ya jeneza ilikuwa imekwisha kuguswa na mwanga. Wanaume walijitia hawasikii.

Ustadh Mudathir akajongea, mkono kifuani. "Haji, assalamu alaykum. Utuwie radhi kwa usumbufu. Chumba hatukihitaji. Nilitaka kuuliza tu kuhusu huu ua wako."

"Ua una nini?"

"Udongo wake ni laini?"

Haji Shawqi akatazama kile kipande cha ardhi tupu kati ya ukuta na ngazi, kana kwamba kimeletwa pale muda ule. "Uani hapazikwi mtu, ustadh. Hapa tunatandika mikeka siku ya Idi, tunakaa, tunawasomea wazee."

"Sisi kwetu tunazika mahali kama hapa."

"Na nani atachimba? Huyu?"

Mzee Ratib akajishika kiuno haraka. "Mgongo wangu, haji, wallahi..."

"Sisi wenyewe," akasema Ustadh Mudathir. "Kwetu kaburi halichimbwi na mtu wa mshahara. Na mgeni siku ya tatu hupewa jembe, au sivyo? Sisi tumepitisha siku ya tatu zamani, na hata jembe lenyewe itabidi tuliazime kwa Mzee Ratib."

Mlinzi alicheka kabla hajajizuia. Kwenye makaburi jirani, ambamo familia maskini zilikuwa zimehamia, vichwa vya wanawake vilichungulia juu ya ukuta. Haji Shawqi aliviona. Akajifuta shingo kwa leso, akalitazama tena jeneza, dogo kama la msichana.

"Haya, chimbeni," akasema hatimaye.

Walichimba kwa zamu ambazo hakuna aliyezipanga. Mmoja akichoka alitoka bila kuambiwa, mwingine akaingia. Vijana wa saluni, mpishi, mwanasheria aliyekuwa sasa akilinda gereji, wote walivua viatu na kukunja kanzu na suruali. Udongo wa juu ulikuwa mkavu na wenye vigae. Wa chini ulikuwa na unyevu na rangi ya kahawa. Walipofika magotini, Haji Shawqi akasogea ukingoni.

"Tuelewane mapema, jamani. Nina mpango wa kuusakafia ua huu. Nawapa mwaka mmoja, kisha mtafute mahali mumhamishe. Na jiwe lenye jina lisiwekwe. Sitaki maswali kwenye ukoo."

"Ami, ua huu ni wa baba yangu pia," Yumna akasema.

"Basi na aje aseme yeye."

Ustadh Mudathir, aliyekuwa shimoni wakati ule, aliegemea jembe na kumtazama. "Tumekusikia, haji." Kisha akaendelea kuchimba.

Walifika kiunoni. Mzee Ratib akainama kuchungulia. "Inatosha, mabwana. Mwanandani utakaa vizuri tu."

"Bado kidogo," wakamjibu kutoka chini.

"Mtafika Sudani kwa mwendo huo!"

 Ndoo za udongo ziliendelea kupanda. Yumna alitazama nyuso zao zilizolowa na hakuona hasira yoyote, ila umakini uleule waliokuwa nao walipobeba jokofu la msaada hadi ghorofa ya sita.

Walipomswalia, Haji Shawqi alisimama safu ya kwanza. Walipomteremsha alifika ukingoni pamoja nao, akatupa konzi tatu za udongo, na Yumna akaona machozi ya kweli machoni pake. Kisha akakung'uta mikono, akafuta viatu kwa leso, akaenda kuwasha gari.

"Yumna! Panda, nikupeleke nyumbani."

"Bado nina kazi, ami."

Alimtazama kitambo kupitia dirishani, kama anayetafuta neno la kumkaripia. Akaondoka.

Sulafa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, nje ya lango, wanawake wawili wa kikundi wakimshika mikono. Yumna alichuchumaa mbele yake. Sasa alikuwa na la kusema, akalisema kwa mpango, kama alivyoombwa. Chumba hakikufunguliwa. Ni kaburi la udongo mtupu, uani. Mwanandani ulichimbwa ubavuni mwa shimo, upande wa kibla. Amelazwa ubavu wa kulia, fundo la sanda likafunguliwa, shavu limegusa ardhi. Ustadh Mudathir ndiye aliyempokea chini. Wameziba kwa matofali mabichi, kisha wamefukia.

"Alhamdulillahi," Sulafa akasema. "Na ami yako?"

Yumna akasita. Usinipambie, alikuwa ameambiwa. "Ametoa mwaka mmoja. Baada ya hapo anataka mama ahamishwe. Na jiwe lenye jina hataki."

Mmoja wa wanawake akasonya. Sulafa hakusonya. Alikunja pembe ya mtandio wake na kuikunjua.

"Mwaka mzima?" akasema. "Mwenye nyumba yangu hata miezi mitatu hajawahi kunipa."

Wanaume walianza kutoka langoni wakijipangusa, wakipita karibu yake mmoja mmoja na kumpa pole. Walinuka jasho na udongo mbichi. Sulafa alizitazama suruali zao zilizochafuka hadi juu ya mapaja, akatazama mabega yao, yaliyochafuka pia.

"Wamechimba chini kiasi gani?" akauliza.

Yumna akainuka. Akauweka mkono kiunoni pake. "Hapa mlinzi aliwaambia inatosha." Akaupandisha kifuani. Akaupandisha tena hadi kwenye mdomo, akauacha hapo, kwa kuwa hapo ndipo ukingo wa shimo ulipomfikia Ustadh Mudathir alipompokea Haja Sittana.

Sulafa akautazama mkono ule.

"Basi," akasema, "atakayekuja kumtoa atatoka jasho."