Jembe la Matembezi

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, Mwalimu Mutindi alipita njia ya kijiji cha Kola akiwa na jembe begani, na jembe lenyewe lilikuwa safi kama la dukani. Hakuna aliyelitazama kwa makini. Mjane mwenye jembe ni mtu anayekwenda shambani, basi. Watu walimsalimu wakaendelea na shughuli zao.

Ukweli ni kwamba hakuwa akienda popote. Daktari alikuwa amempima presha, akakunja uso, akamwambia atembee nusu saa kila siku, la sivyo kiharusi kitampigia hodi. Rahisi kwake kusema! Kola mtu hatembei tu. Unaokutana nao watataka kujua unakokwenda, na ukiwajibu kwamba huendi popote, kufikia jioni habari imeshafika kwa wakwe zako kwamba akili zimekuruka kwa msiba. Mutindi, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, hakuwa tayari kutiwa midomoni. Ndiyo maana alibeba jembe.

Alitembea hadi kwenye kijito kikavu, akageuka. Ng'ambo ndiko lilikokuwa shamba, na humo ndimo mumewe, Musili, alimoanguka mwezi wa Machi akipanda mahindi, asiinuke tena. Tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka. Hata hivyo, matembezi yalimfaa. Wiki ya kwanza magoti yalilalamika, ya tatu yakanyamaza. Presha ikashuka. Usingizi uliomhama tangu mazishi ukaanza kurudi, kwanza wa saa mbili, kisha wa saa nne. Siku moja alishangaa kujikuta ana njaa. Na kule njiani, kati ya salamu moja na nyingine, aliweza kumlilia mumewe bila mtu wa kumwambia ajikaze.

Kosa lake lilikuwa kusahau anaishi na watu gani. Syombua, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, alikuwa akimwona akipita na jembe lake. Aliwauliza wenzake ni haki gani mjane alime peke yake mwezi mzima na wao wapo. Hivyo Alhamisi moja ya Oktoba, Mutindi alipofika kijitoni, alisikia sauti ng'ambo. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamesimama shambani mwake, majembe mkononi, wakitazama magugu makavu yaliyowafika kiunoni.

Aibu ikamvusha kijito kabla hajafikiri, na akajikuta mbele yao akihema.

"Mwalimu," Syombua alisema polepole, "hapa hapajaguswa."

Angeweza kutunga uongo mwingine. Alikuwa amechoka nao.

"Mimi natembea tu," alisema. "Jembe ni la kuwafumba macho. Nikifika kijitoni narudi. Alianguka hapa, Syombua. Nimeshindwa kupaingia."

Hakuna aliyecheka. Ndila, mdogo kuliko wote, aliuliza tu kama huko kutembea kunasaidia. Mutindi akamjibu kwamba siku hizi analala. Ndila akaitikia kwa kichwa, akauliza huwa anatoka saa ngapi.

Syombua akaanza kugawa mistari, kama ilivyo desturi ya mwethya, akipima kwa hatua na kumtaja mtu kwa jina. Alipofika katikati alisimama, akamwuliza Mutindi kwa sauti ya chini ni wapi hasa. Mutindi akaonyesha kwa kidole. Syombua akauruka mstari huo, akaendelea kugawa.

"Na huo umempa nani?" Mutindi aliuliza.

"Huo tutauacha."

Mutindi akaenda, akasimama hapo penyewe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Musili hakuumaliza," alisema. "Nipe mimi."

Wenzake walikuwa wameshaanza. Akavua viatu, akainama, akalima.