Pipa la Yasmini

Haya wewe, weka kikombe chini nikutegee. Kuna mgeni huingia bila kubisha hodi, hukaa bila kukaribishwa, na ukimtoa mlangoni anakufuata ndani ya shati mpaka kwa mkeo. Ni nani huyo? Umeshindwa? Mji wako sitaki, ninao wangu. Sikiliza tu, jibu litakuja lenyewe.

Kitinda mimba wangu ni mhadhiri katika chuo kikuu cha ufundi, kile cha serikali kisichofundisha sheria wala ushairi, ni kemia tu na uhandisi wake, asubuhi hadi jioni. Naishi naye kwenye nyumba za walimu, ukuta mmoja na maabara. Wanafunzi wamempa jina la Tone, na hawakumwonea. Kazi yake ni kusimama mbele ya bomba jembamba la kioo lenye koki chini, akidondosha dawa kwenye maji, tone, tone, tone, mpaka maji yabadilike rangi. Tone moja likizidi, anamwaga vyote na kuanza upya. Hata chumvi ya mboga anaitia hivyo hivyo, na mimi mamaye nimekaa nimeshika sahani.

Sasa mtu wa namna hiyo akipenda, utamfanya nini?

Alimpenda mhandisi wa karakana ya mitambo, ng'ambo ya uwanja. Binti mwembamba kama ufito, helmeti imemzidi kichwa, lakini jina lake pale chuoni ni Pipa. Maana kazi yao imegawanywa hivi: watu wa kemia wanapika kitu kidogo sana, wanakitia kwenye chupa, wanaandika kwenye lebo namna kilivyopikwa, kisha wanavuka uwanja na kuikabidhi karakanani. Watu wa mitambo wanakipika upya, kwa pipa. Hakuna anayeuliza cha nini. Chupa ikiingia, pipa linatoka.

Pipa alikuwa akija kwetu Jumapili kunywa chai. Nikimtegea kitendawili habahatishi kama vijana wengine. Ananyamaza, anamaliza chai yake, anavaa viatu, na akishafika mlangoni ndipo anajibu. Hakosei.

"Mama," aliniambia siku moja, "mhandisi hajibu mpaka mtambo upoe."

Moyoni nilishamwita mkamwana zamani. Kumbe kiwanda cha mbolea, huko mbali, nacho kilikuwa kimeona nilichokiona. Kikamwita kazini. Angeondoka Ijumaa.

"Umeshamwambia?" nikamwuliza mwanangu.

"Bado, Mama. Rangi haijabadilika."

"Rangi ya nini?"

"Ya… hali."

"Wee! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni langu! Ijumaa binti anapanda gari. Wewe utabaki umeshika koki."

Ndipo akanitolea chupa ndogo kama kidole gumba. Alikuwa amempikia marashi ya yasmini, bila ua hata moja, kwa dawa za maabara tu. Nikanusa. Wallahi, nilijisikia natafuta kioo nijitazame.

"Mpelekee sasa hivi. Na ukifika, ufungue mdomo."

Akaenda. Akarudi anatweta.

"Umesemaje?"

"Nimesema, 'Chukua hii.'"

"Halafu?"

"Halafu nimekimbia."

"Basi angalau kwenye chupa umemwandikia neno zuri?"

"Nimeandika namna ilivyopikwa, Mama, kama kawaida. Na kwamba inashika moto, isiingie machoni."

Nikakaa kitako. Mchumba anaonywa macho!

Alhamisi asubuhi nilikuwa naanika nguo nikasikia mtambo wa karakana unanguruma. Pipa hakutaka kuondoka akiacha kiporo. Ameona chupa, ameona lebo, imetoka kemia. Kwake ni kazi kama kazi nyingine. Akawasha.

Kabla ya adhuhuri mgeni wangu akaingia. Ndiyo, harufu. Acha kujifanya ulikuwa unajua.

Yasmini tone moja ni pepo. Yasmini pipa zima ni vita. Iliingia madarasani, wanafunzi wakapiga chafya mpaka ubao ukafutika. Nyuki wakaja kundi zima, wakazunguka chuo, hawakuona ua, wakakasirika. Na wanaume waliokwenda nyumbani kula chakula cha mchana walifika wananukia kama chumba cha bibi arusi. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu za mabomba, aliapa kwamba ni harufu ya kazini. Nilimsikia mkewe kupitia dirishani:

"Miaka yote unarudi unanuka mayai viza unasema ni kazi. Leo kazi imeoga?"

Alasiri wake za walimu wakaongozana kwenda karakanani. Mbele alitangulia mkuu wa chuo, nyuma yake mkewe, amebeba koti la mumewe kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya. Mimi nami nikajitanda khanga nikamshika mwanangu mkono. Shughuli isiyo na mwaliko ndiyo tamu.

"Nani ameagiza hili pipa?" mkuu akafoka.

"Chupa ilitoka kemia, mzee," Pipa akajibu.

"Ya kazi gani?"

"Sijui. Huwa hatuulizi."

"Umemaliza dawa za muhula mzima na hujui ni za nini? Kesho kiwanda cha mbolea kikinipigia simu kuuliza wewe ni mtu wa namna gani, niwaambie nini?"

Pipa akainamisha helmeti. Nikamtazama mwanangu. Uso umemwiva, masikio yamemwiva.

"Rangi imebadilika," nikamnong'oneza, nikamfinya.

Sijui ni kidole changu au ni Mungu, lakini koki ilikatika. "Mkuu, yeye hana kosa! Haikuwa kazi. Ilikuwa zawadi, ajipake. Nilimpikia kwa sababu nampenda, nikataka kumwuliza kama atakubali nimwoe, ulimi ukanishinda nikakimbia. Basi namwuliza hapa hapa. Utakubali?"

Hata nyuki, nadhani, walituliza mabawa. Mke wa mkuu akalikunja lile koti vizuri, akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Mwenzio kapika marashi. Wewe ulinipikia nini?"

Mkuu akakohoa. Habari ya dawa za muhula ikaishia pale.

Na Pipa? Pipa alitazama saa ya joto iliyo ubavuni mwa mtambo. "Bado unachemka," akasema, "siwezi kuuacha." Akatupa mgongo, akaanza kufunga koki zake, moja moja.

Tukangoja. Wake za walimu wakajikalia kwenye mapipa matupu, mmoja akatoa karanga. Mwanangu jasho linamtoka, tone, tone.

"Mama, amekataa?"

"Nyamaza. Hukuwahi kumwona akinywa chai?"

Mvuke ukapungua. Bomba likapiga mluzi kidogo, likanyamaza. Pipa akaweka kiganja kwenye chuma, akakitoa, akakiweka tena. Akavua glovu. Akavua helmeti, akaipachika ukutani. Akafuta mikono, akatembea mpaka mlangoni, na pale mlangoni ndipo akageuka.

"Nakubali," akasema. "Kiwandani wanatafuta na mtu wa kemia, kwa hiyo fungasha koki yako. Mama tunakwenda naye. Na hili pipa pia tunalibeba, maana mbolea inanuka."