Koki ya Nyumba ya Mwisho

"Usiiguse hiyo koki," Okoth alisema, ameinama akifunga kamba za viatu vyake. "Ikivunjika tutaogelea sote hapa, na mimi ndiye nitakayeitwa ofisini."

Philister alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na ufagio mkononi. Jibu alikuwa nalo, ila alikuwa ameshalitoa mwaka jana, na mwaka juzi, na halikumfikisha hata kwenye lango la stesheni.

"Nitamsalimia mama yako," mumewe akaongeza.

"Macho yake yanaisha, Okoth. Salamu atazisikia. Mimi anataka kuniona."

"Najua."

"Amesema niende kabla giza halijamfunga kabisa."

"Nimesema najua. Sasa nifanyeje, nyar Yala? Koki imeoza. Na nyumba isiyofungika maji haiachwi bila mtu. Si sheria yangu hiyo." Akachukua kofia. "Naenda kuchukua waranti ya treni. Nikirudi nile, niende zangu."

Nyar Yala, binti wa Yala. Ndivyo Mjaluo anavyomwita mke kwa jina la kwao, na Okoth alilitamka jina hilo kwa utamu zaidi kila alipokuwa anamnyima kitu.

Maji ya Voi wakati huo yalikuwa na tabia za mgeni mkubwa. Hayakusema yanakuja lini, lakini yakija yalitaka yakukute tayari. Kwa hiyo katika nyumba zote za reli watu waliacha mfereji mmoja wazi, na chini yake wakafudikiza debe tupu. Maji yakifika, hata kama ni saa ngapi, debe linapiga kelele, mtu anaamka anajaza mapipa. Utaratibu mzuri, almradi mtu yumo ndani. Munyao, dereva wa treni ya mizigo, alikwenda likizo kwao Kibwezi akiapa kwamba amefunga mifereji yote. Lakini mfereji mkavu hauna ushahidi. Ukiufungua ukidhani unaufunga, hakuna tone la kukusuta. Maji yalikuja yeye akiwa mbali, yakapita chini ya ukuta, yakaloweka magodoro na magunia ya mahindi ya nyumba nzima ya pili. Tangu hapo msimamizi wa nyumba akatoa amri: anayekwenda likizo afunge koki ya chini, ile iliyo nje karibu na ukuta, na kama haifungiki, abaki mtu.

Koki ya nyumba ya mwisho haikufungika. Okoth alisema hivyo. Basi kila likizo Okoth alipanda treni, na Philister akabaki na debe.

Alikuwa amezoea kulala sikio moja likiwa wazi. Maji yakija ni yeye aliyegonga milango ya wenzake, na wenzake walimsifu kwa usingizi wake mwepesi. Sifa nyingine ni kamba tu. Unafungwa nayo huku ukicheka. Alikuwa na miaka sita hajaona mti hata mmoja wa kwao, hajala samaki wa mvuvi anayemjua. Mimba zake mbili zilitoka hapo hapo Voi, akazilia hapo hapo, jikoni, mfereji ukiwa wazi ili majirani wasisikie.

"Bado umeshika ufagio?" Wakesho aliuliza kutoka uani kwake. Alikuwa mwanamke wa Kidawida, mwenyeji wa milima ya Taita, mama wa watoto wanne, na ukuta wake ulishikana na wa Philister. Alikuwa anaanika nguo. "Nilidhani leo utakuwa unafunga sanduku."

"Nifunge niende wapi, Mama Reuben? Koki ni ile ile."

"Umeijaribu?"

"Okoth anasema..."

"Sikuuliza Okoth anasema nini. Nimekuuliza wewe, mkono wako, umeijaribu?"

Lilikuwa swali jepesi kiasi kwamba Philister alishikwa na aibu. Alifua, alipika, alichota, alipasua kuni. Hakukuwa na kitu katika nyumba ile ambacho mkono wake haukukigusa, isipokuwa kile kimoja alichokatazwa.

"Ikivunjika?"

"Ikivunjika tutapiga kelele," Wakesho alisema. "Leo maji yapo tangu asubuhi. Utajua papo hapo."

Philister akaweka ufagio chini, akaacha mfereji wa jikoni ukitiririka. Alipiga magoti karibu na ukuta, akakiinua kifuniko cha chuma, akaondoa utando wa buibui kwa kijiti. Koki ilikuwa pale chini, ndogo kuliko alivyoidhania miaka yote. Alifunga kitambaa mkononi ili apate nguvu. Aliiona picha yote: chuma kikikatika, maji yakiruka, watoto wa Wakesho wakikimbia na magodoro yao, na Okoth akirudi kumkuta amelowa kama kuku, akisema nilikwambia.

Akashika, akafumba macho, akazungusha.

Ilizunguka. Haikulia wala haikukwama, ilikwenda taratibu chini ya kiganja chake mpaka ikafika mwisho ikatulia. Ndani ya nyumba, mfereji wa jikoni ulikohoa mara moja, ukanyamaza.

"Eeh!" Wakesho alipiga kofi. "Si hiyo imefunga? Imeoza wapi?"

Philister hakucheka naye. Alikuwa anatazama kitambaa. Kilikuwa kimeingia weusi mzito unaong'aa, na hakuhitaji kuunusa, ingawa aliunusa. Okoth kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Kila Jumamosi kwa miaka sita Philister aliloweka ovaroli zake katika maji ya moto na mafuta ya taa, akasugua mpaka vidole vikachubuka, akiutoa weusi huo huo. Aliujua kama anavyojua sauti ya mumewe mlangoni. Na huu haukuwa wa zamani. Ulikuwa laini, umepakwa vizuri na mtu anayejua kazi yake. Vyaelea, vimeundwa. Aliyesema imeoza ndiye aliyeitunza isioze.

"Dada?" Wakesho alimwita. "Nini?"

"Hakuna kitu. Nakuja kukupa ufunguo."

Aliingia ndani, na kazi ya kufunga nyumba aliyokuwa akiiota miaka yote akaifanya kama mtu anayeosha maiti, kwa utulivu na bila kuacha kitu. Aliacha mifereji yote miwili wazi mpaka bomba likamaliza kudondoka. Alivuta mnyororo wa choo, tangi la juu likamwaga maji yake ya mwisho. Kisha akalilaza pipa. Maji aliyoyaamkia usiku yalimpita miguuni, yakajaza raba zake, yakashuka uani, na hakuyakinga hata kwa kikombe. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kujua inamtosha.

Okoth alimkuta amekaa juu ya sanduku lake la bati, amevaa gauni la kanisani, kitambaa cheusi magotini. Hakuuliza chakula kiko wapi.

"Nani ameipaka grisi?" Philister alisema.

Mwanaume akaangalia mfereji uliokuwa wazi na mkavu, akaangalia kitambaa, akavua kofia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo jikoni.

"Nyumbani kuna mtu," alisema mwishowe.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

"Ana mtoto?"

"Wawili."

Philister aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua.

"Anakaa nyumba gani?"

Okoth aligeuza kofia mikononi.

"Okoth. Anakaa nyumba gani?"

"Yako." Kisha akaharakisha, "Mama alisema nyumba haiwezi kukaa bila moto, na wewe ulikuwa huku, na..."

Kwao nyumba ya mke wa kwanza haikaliwi na mke wa pili. Hata mlevi wa kijiji anajua. Mke wa pili anajengewa yake kando, na hata hiyo inangoja ya kwanza isimame. Philister aliwaza jiko alilolifinyanga kwa mikono yake akiwa bibi harusi, mafiga matatu, na mtu asiyemjua akikoleza moto hapo. Iliuma kuliko wale watoto wawili.

"Kwa hiyo hukuogopa koki," alisema. "Uliogopa nifike kwenu nikute moshi."

"Tulia kwanza. Likizo ijayo nitakuwa nimemjengea yake, tutakwenda wote vizuri..."

"Beba sanduku lako, Okoth. Langu nitalibeba."

Alimpa Wakesho ufunguo juu ya ua wa nyaya. Wakesho alikuwa amesikia, kuta zile hazikuficha hata kikohozi, lakini alisema tu, "Usalimie mama. Mwambie aendelee kungoja kidogo."

Kutoka nyumba za reli mpaka stesheni ni mwendo mfupi, na hawakuzungumza. Raba zake zilikuwa bado zinatoa maji, na udongo mwekundu wa Voi ukapata pa kushika. Kila hatua ulizidi kumng'ang'ania. Alipofika benchi la stesheni miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kulima mpunga, akakaa, sanduku la bati kati yake na mumewe.

Okoth alibadilisha waranti, iliyokuwa ya mtumishi na mkewe, dirishani akarudi na tiketi mbili. Hakumpa yake. Alizitia zote mfuko wa shati, akaukandamiza kwa kiganja.

"Zote nimeandikisha Maseno," alisema bila kumtazama. "Kwetu."

"Yala ni mbele ya Maseno."

"Najua iliko."

"Basi utashuka. Mimi sitashuka."

"Na mkaguzi akikuuliza tiketi?"

Philister aliinamisha kichwa, akaanza kubandua udongo kwenye raba kwa kucha, kipande kwa kipande. Ulikuwa umeanza kukauka pembeni, lakini katikati ulikuwa bado umeshika. Upande wa Mombasa reli ilikuwa bado tupu mpaka kwenye kona, lakini honi ya treni ilisikika, na watu waliokuwa wamekaa chini wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakikung'uta nguo.