Baraza na Amri ya Moshi

Octave alikuwa mjumbe wa baraza la cité, mtaa wa Waafrika pale Stanleyville, na ukisahau alikukumbusha mwenyewe. Mwaka ule wa hamsini na nane watu wa Leta, serikali ya wazungu, walikuwa wameruhusu baraza lichunguze amri za serikali: wajumbe wakiikataa amri, inafutwa. Basi Octave akatembea sokoni na habari hiyo kama mtu aliyezaa mapacha.

Wiki haikwisha, amri ikaja. Marufuku kukausha samaki kwa moshi ndani ya cité. Eti moshi unavuka barabara na kuingia kwenye mapazia ya bibi mmoja wa kizungu! Mapazia, jamani! Na Mama Pétronille, mama mkwe wa Octave, mjane, alikuwa akilisha wajukuu wanne kwa vichanja vya samaki wa maporomoko, humo humo uani kwa Octave.

"Bokilo," akamwambia mkwewe huyo, ametazama pembeni kama inavyowapasa wakwe, "hii amri iko naniua. Mutaikatala?"

"Mama, bon, hiyo njo kazi yetu. Nitaikatala wa kwanza. Mulale tu usingizi."

Ulimi hauna mfupa.

Alhamisi baraza likaketi, wajumbe kumi na wawili. Lo, walivyosema! Octave peke yake alipiga meza mpaka glasi ya maji ikaanguka. Kanuni yao ilikuwa hii: anayekubali amri asimame, anayekataa abaki amekaa. Walikuwa wamekwisha kupatana, hasimami mtu. Kazi rahisi kupita zote, ilitaka makalio tu.

Mwenyekiti, Papa Félicien, akaita kura. Wajumbe wakaving'ang'ania viti. Hapo mlango ukafunguka, akaingia muzungu, administrateur mwenyewe, mkuu wa Leta wa eneo lile, aliyekuwa muda wote kibarazani nje anavuta sigara.

"Bonjour, messieurs."

Wakasimama wote kwa mkupuo mmoja! Hakuna aliyeamua. Tangu darasa la kwanza kwa mapadri walifunzwa muzungu akiingia mtu anasimama, na asiyesimama alijua fimbo. Octave ndiye aliyetangulia, tena akafunga na kifungo cha koti, mpumbavu yule.

"Andika," muzungu akamwambia karani Emile. "Kumi na wawili wamekubali. Félicitations, hongereni."

Aibu ikamuunguza Octave. Angekaa tu, hata wakati ule, mambo yangegeuka. Muzungu akamtazama kwa upole. Octave akabaki wima mpaka bwana yule alipoondoka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akimngoja.

"Bokilo, mulikaa ao mulisimama?"

"Mama, donc... ilikuwa ni mambo ya procédure, utaratibu tu."

Pétronille akarudi kwenye vichanja vyake.

Kesho yake asubuhi polisi wawili wakaja na karatasi: wajumbe waanze, waonyeshe watu mfano. Wakampa Octave shoka avunje vichanja vya uani kwake. Alipogeuka, akamkuta mama mkwe amekaa chini, mgongo umeegemea nguzo ya kichanja, miguu ameinyoosha mbele.

"Mama, simameni," Octave akamsihi. "Hawa watu wa Leta hawana mchezo."

"Mimi naikatala," akasema Pétronille.

Octave hakuweza kumgusa. Mkwe hamgusi mama mkwe. Polisi hawakuwa na mkwe pale. Wakambeba hivyo hivyo, amekaa, mpaka kituoni, na Octave akabaki uani amesimama.