Pikapu ya Luwehi Ukunguni

Luwehi bin Thani alipotea kiangazi, yeye na pikapu yake, akimtafuta ngamia jike aliyekuwa karibu kuzaa. Kwetu Waharasisi, wafuga ngamia wa jangwani, mtu kupotea si jambo la ajabu. Nchi yetu ni tambarare kama sinia, na jua la kiangazi halina huruma. Ajabu ni kwamba gari nalo halikuonekana. Watu walitafuta mpaka wakachoka, wasoma nyayo wakaletwa kutoka mbali, ndege ya polisi ikazunguka juu. Wapi. Wakarudi makwao, na mkewe Hubeisha akabaki si mke wala si mjane. Hakuvaa nguo za msiba, wala hakutia hina.

Baridi ilipoingia, wachunga ngamia wakaleta habari. Pikapu iko ukingoni mwa Umm al-Samim, lile bonde la chumvi ambalo juu ni gamba kavu na chini ni tope lisilo na mwisho. Magurudumu ya mbele yamezama, milango imefungwa, ufunguo uko mahali pake. Wasoma nyayo walikwenda tena, wakachunguza kuanzia hapo kuelekea mashariki, upande wa nyumbani, wasipate kitu. Wengi wakasema basi, chumvi imemmeza.

Mabkhuti, kaka mkubwa wa Luwehi, akaamua kwamba hata kama mtu hakupatikana, gari lirudi nyumbani. Hubeisha akasema naye atakwenda. Mabkhuti alimwambia kule si mahali pa kwenda kulia. Akajibiwa kwamba hakuna aliyesema anakwenda kulia. Pikapu ile ndiyo aliyojifunzia kuendesha, na anaijua kuliko shemeji yake. Hilo lilikuwa kweli, wakaondoka na Landikruza ya Mabkhuti.

Kuitoa kwenye chumvi hakukuwa kazi kubwa. Walichimba, wakafunga kamba ndefu, Mabkhuti akavuta kutoka ardhi ngumu, ikatoka ikilialia. Tabu ilikuwa injini. Mafuta yake yalikuwa yamegeuka meupe kama maziwa, maana yake maji ya chumvi yameingia, na kuiwasha ni kuiua. Lori la kubeba magari nalo lisingefika pale bila kuzama. Ikabidi pikapu ivutwe kwa magurudumu yake yenyewe hadi nyumbani, mwendo wa mchana kutwa.

Gari la fowili, linaloendeshwa na magurudumu yote manne, halivutwi hivi hivi kama ngamia kwa kamba. Magurudumu ya nyuma yakizunguka yanaizungusha propela, ule mhimili mrefu chini ya gari, propela inazungusha meno ya transfa, kile kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma, na kutoka hapo giaboksi nayo inazunguka, ilhali injini imezimwa na mafuta hayafiki yanakotakiwa. Ukivuta hivyo safari nzima, utafika nyumbani na vyuma vilivyosagika. Mabkhuti alitaka kuifungua propela kabisa, lakini bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi. Spana iliteleza mara mbili ikamchuna vidole. Wakakubaliana njia ya pili. Gia ndogo, ile ya fowili, waliiweka kwenye N, yaani huru, ili transfa isishikane na kitu. Habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyashikanisha na ekseli, wakazifungua kwa mkono, magurudumu yazunguke peke yake. Hendibreki chini. Ufunguo wakauzungusha kidogo, usukani usijifunge. Kisha wakaunganisha magari yale mawili kwa chuma cha kuvutia, kile chenye umbo la herufi A, ili pikapu ifuate nyuma bila dereva.

"Umekikaza chuma hicho kama unafunga mbuzi wa Idi," Hubeisha alisema.

"Mbuzi wa Idi hajawahi kunitoroka, shemeji."

Walikuwa hawajafika mbali ukungu ulipoingia. Huku kwetu ukungu hutoka baharini asubuhi na kuondoka jua likipanda, lakini ule ulikuja jua limeshapanda, ukakaa. Mbele hapakuonekana ila changarawe za hatua chache. Mabkhuti alienda polepole akiangalia dira, Hubeisha akiangalia kioo cha pembeni, ambamo pua ya pikapu ilikuwa ikitokea na kupotea.

Waliposimama mara ya kwanza, Mabkhuti alijilaza chini akaigusa transfa kwa kiganja. Akautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto, wakati ilipaswa kuwa vuguvugu tu. Wakatazama magurudumu ya mbele, wakakuta habu zote mbili zimefungwa. Mabkhuti alimuuliza shemeji yake kama alizizungusha vizuri. Hubeisha akasema alizungusha upande wa kushoto, na upande wa kulia alizungusha yeye mwenyewe Mabkhuti. Wote wawili walikumbuka hivyo. Mabkhuti akasema labda chumvi imezirudisha. Hubeisha alizifungua tena.

Safari ikaendelea, na sasa Mabkhuti alihisi jambo usukanini. Landikruza ilikuwa ikivutika kwenda kulia. Akiirudisha kwenye mstari wa dira, inatulia kidogo, kisha inavutika tena. Na mzigo nyuma ulikuwa mwepesi. Mtu aliyezoea kuvuta gari anaujua uzito wake mgongoni, kama unavyojua uzito wa mtoto uliyembeba. Uzito ule ulikuwa umekwisha. Mara nyingine ilikuwa kama wao ndio wanaosukumwa.

Aliposimama mara ya pili, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa pikapu. Gia ndogo haikuwa kwenye N. Ilikuwa imesogezwa mpaka kwenye fowili, mahali ambapo Luwehi alikuwa akiiweka kila alipoingia mchangani. Gia ile ilikuwa ngumu. Hata mtu mzima alihitaji kukaza mkono na kukanyaga klachi. Mtikisiko haukuweza kuihamisha. Mabkhuti alisoma Ayatul Kursi, kwanza moyoni, halafu kwa sauti. Kisha akachukua spana, akaingia chini ya gari kuifungua propela, ili amalize maneno. Zile bolti zilizomshinda asubuhi zilizunguka kwa vidole vitupu. Alizitoa zote, akaitoa propela ya nyuma, akaitupa garini kwake.

Sasa magurudumu yale hayakuwa yameshikamana na kitu chochote. Gari lilikuwa sanduku la bati juu ya mipira minne. Wakaondoka. Na lile sanduku likaanza kuvuta kulia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Hubeisha alikuwa amekitolea macho kioo. Usukani wa gari linalovutwa huzunguka wenyewe, unafuata magurudumu, hilo alilijua. Landikruza ikikata kushoto, wa pikapu nao hukata baadaye kidogo. Alichokiona ni kwamba usukani wa pikapu ulikuwa ukitangulia. Ulikata kulia kwanza, ukatulia hapo, kama ulioshikwa. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Aliangalia sana, kwa sababu alitaka awepo.

"Shemeji," alisema, "iache iende inakotaka."

Mabkhuti alikataa. Alimweleza kwamba kulia ni kusini, hakuna kisima wala barabara kusini, na ukunguni mtu hafuati kitu asichokijua. Wazee wamekatazana tangu zamani kufuata sauti jangwani. Hubeisha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umempoteza ndugu, una wengine," akamwambia. "Mimi kila nikilala namsikia anafunga mlango wa gari hili nje ya nyumba. Kama ni shetani, basi tumwone. Kama ni yeye, utamjibu nini?"

Mabkhuti aliulegeza mkono wake kwenye usukani, akakanyaga mafuta kidogo tu. Landikruza ikapinda kusini yenyewe, taratibu, kama mnyama anayekwenda majini. Walikwenda hivyo. Mara moja Hubeisha aliinua mkono kutaka kumshika shemeji yake bega, kisha akaurudisha mapajani.

Kisha uzito ukarudi. Ulirudi ghafla, gari likaguna, na Mabkhuti akakanyaga breki.

Walishuka. Mbele yao ardhi ilikuwa imebonyea kidogo, bonde dogo ambalo hata mpanda ngamia angelipita asilione, na ndani yake mlikuwa na mgunga mmoja mfupi. Luwehi alikuwa chini ya mgunga, amelala kwa ubavu, amejifunika kilemba usoni. Jua lilikuwa limemkausha. Dumu tupu la maji lilikuwa karibu naye, na viatu amevivua akavipanga pamoja, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Alikuwa amekwenda kusini kutafuta kivuli, wakati watu wote walimtafuta mashariki.

Hubeisha alikaa chini kando yake. Hakulia mara moja. Alimpangusa mchanga mikononi, kidole kwa kidole, akamwambia maneno ambayo Mabkhuti hakuyasikiliza; yeye alijiendea pembeni kuchimba. Maji waliyokuwa nayo hayakutosha kumwosha, wakamtayamamisha kwa mchanga safi, wakamsalia wawili tu, wakamzika pale pale. Hapo ndipo Hubeisha alipolia, na Mabkhuti naye akalia, akiwa bado ameshika koleo.

Ukungu ulipoinuka waliziona alama zao. Mabkhuti ananiambia hilo ndilo linalomwamsha usingizini mpaka leo. Gari linalovutwa kwa chuma hupita juu ya njia ya gari linalolivuta, alama juu ya alama. Tangu pale walipogeuka kusini, kulikuwa na njia mbili, zimekwenda sambamba, na kati yake ungeweza kupitisha ngamia aliyebeba mzigo.

Njia ya nyumbani haikuwa na tatizo lolote. Pikapu ilifuata nyuma, nzito na bubu. Kadhi alisema eda imekwisha zamani, maana huhesabiwa tangu siku ya kufa. Hubeisha alimshukuru, kisha akakaa ndani siku kadhaa asitake kuonana na mtu. Fundi wa mjini Haima alipoifungua transfa alikuta meno yake mazima, mafuta safi, hata harufu ya kuungua hakuna. Aliuliza nani aliyeivuta vizuri namna ile. Mabkhuti alimwambia ni shemeji yake.

Injini ilibadilishwa. Hubeisha anaiendesha sasa, anapeleka maji kwa ngamia, na yule jike aliyekuwa akitafutwa alirudi mwenyewe na ndama. Wanawake wenzake walimuuliza kama haogopi kukaa kwenye kiti kile. Akasema mwanzo alikuwa akiketi nusu ya kiti, amembakizia Luwehi nafasi. Siku hizi anaketi kote.